Mgonjwa Haishi Wodini

Hili mmeshanisikia nalisema, leo mtalisikia tena. Miaka yote hii nafundisha tiba kwa vitendo, yaani kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, na bado naletewa ripoti imeandikwa "mgonjwa anajitegemea, ameruhusiwa". Anajitegemea wapi? Wodini, kwenye sakafu laini na maji ya bomba!

Kuna bibi mmoja huku Tanga, kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Hospitali wiki tatu anahamisha vikoni vya plastiki, toa huku weka kule, mwanafunzi wangu anaandika maendeleo. Tumemfata nyumbani, bibi kakaa barazani, mkono kauweka mapajani kama mzigo wa mtu. Mwanafunzi akachomoa fomu. Nikamwambia hebu weka hiyo, muulize anataka nini. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, nataka nikune nazi mwenyewe, huyu mkwe ananipikia wali wa jela."

Basi ikaletwa mbuzi. Kukaa chini vile hawezi, goti linagoma, fundi akaigongomelea juu ya benchi fupi. Kifuu mkono wa kushoto, ule wa kulia tukaulaza juu yake ubebwe tu, na kila akisukuma kiwiko kinakunjuka, kiganja kinafunguka, yaani vilevile tulivyokuwa tunavidai kwa vikoni! Nazi ya kwanza ilichukua nusu saa, nyingi ikamwagika mchangani, kuku wakafaidi. Kufika ya nne bibi anamfokea mwanafunzi, sogeza sinia.

Mtu hapo nyuma anasema mwalimu, hiyo si fizio, mazoezi ya viungo? Fizio anaurudisha mkono, mimi nauliza urudi kufanya nini. Na wewe wa nauli ya kuwafata majumbani hakuna, kweli hakuna, boda nimelipa mwenyewe mpaka kijiweni wananiita daktari wa nazi. Na msiniambie nyumbani ni mambo ya kimaskini: George Barton, msanifu majengo Mmarekani, upande wa kushoto ulimpooza, 1914 akafungua nyumba pale Clifton Springs, New York, anajitibu kwa bustani na useremala, na ni nyumba hiyohiyo 1917 walikaa wakaanzisha chama cha fani yetu. Nyumba jamani!

Slaidi inayofuata, viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo, maboksi na gundi ya unga wa ngano, ukikauka mtoto anakalia, pitisha. Hii pitisha. Hapana, rudisha, choo cha shimo. Hicho ni kiti cha plastiki cha kawaida, kimetobolewa katikati kwa kisu cha moto, kinawekwa juu ya tundu. Haya MC, nimeona saa, nakaa.