Marumaru Hayazuii Maji

Habari za mchana, mafundi. Mnanisikia huko nyuma? Haya. Nimeombwa nizungumzie bafu la zamani: ile sakafu ya niru, yaani saruji iliyopigwa ikawa laini, mara nyingi nyekundu, mnayoikuta kwenye nyumba za siku nyingi, na mwenye nyumba sasa anataka marumaru. Yeye atawaonyesha rangi aliyoipenda dukani. Nyinyi tazameni chini, maana maji ya kuoga hupenya kwenye grauti, ile saruji ya kuziba nafasi kati ya marumaru, hata ikiwa nzuri. Kinachoyazuia ni sakafu mliyoiandaa.

Tuanze na sikio. Chukua kipande cha nondo, gonga sakafu yote, hasa kwenye kona na kuzunguka tundu la maji. Palipokaza hutoa mlio mkali. Pakilia kama debe tupu, niru imeachana na zege. Zungushia chaki, kisha ng'oa kwa tindo mpaka ufike pagumu. Na barakoa mvae, jamani. Vumbi lile lina silika, chembe za madini ya mchanga, na mapafu hayauzwi dukani.

Niru iliyobaki ngumu nayo isikudanganye. Ilipigwa iwe laini, na gundi haipendi ulaini. Dondoshea maji: yakikaa juu bila kunyweka, pana mafuta na sabuni ya miaka. Sugua, suuza, halafu donoa uso wote kwa tindo, vidonda vya karibu karibu, mpaka ukipitisha kiganja kikwaruze.

Sasa mteremko. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapoharibiana kazi. Fundi anakuambia, "Usijali, nitarekebisha kwa gundi." Gundi inataka unene wa milimita chache tu, ukiijaza sentimita 3 inasinyaa, na marumaru yanakaa kombo. Mteremko hutengenezwa kwa mchanga na saruji, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, kuelekea tundu la maji. Laza ubao ulionyooka wa mita moja, juu yake weka pima maji, kile kipimo chenye povu. Inua ncha ya upande wa tundu mpaka povu likae katikati, kisha pima pengo lililo chini ya ncha hiyo. Hilo pengo ndilo mteremko wako, hakuna kubishana.

Ndoo moja ya saruji kwa tatu au nne za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni. Wa baharini una chumvi, na baadaye unga mweupe utachomoza kwenye grauti mteja akupigie simu. Lowesha zege, paka uji wa saruji, mwaga kabla uji haujakauka. Funika kwa magunia mabichi siku 7, halafu uache sakafu ikauke.

Ikishakauka, paka dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, yaani upake mara mbili, wa pili ukikata wa kwanza, na uipandishe ukutani angalau sentimita 15. Dawa ikikauka, ziba tundu, jaza maji, weka alama ya penseli ukutani, subiri saa 24. Kwa joto letu maji mengine yatapaa yenyewe, kwa hiyo weka beseni la maji hapo hapo, nalo ulitie alama. Beseni likishuka kidogo na sakafu ikashuka sana, kuna mahali panavuja. Msibandike kitu.

Naam, kijana? … Anauliza kama anaweza kubandika juu ya marumaru ya zamani. Yakiwa yamekaza yote na mteremko upo, inawezekana, lakini yakwaruzwe na gundi iwe ya kazi hiyo. Ila piga hesabu: marumaru milimita 9, gundi 6, sakafu imepanda sentimita moja na nusu. Bafu lililokuwa chini ya chumba kwa sentimita 2 limebakiwa na nusu sentimita, na maji yatakwenda chumbani. Mfuniko wa tundu nao lazima upandishwe. Mlango kama unafungukia ndani utakwama, kwa hiyo pima nafasi iliyo chini yake kabla hujamtajia mteja bei.