Nani Anakaanga Hewani?

SOMOE: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu. Wanaotufuata tangu mwanzo wanajua kwamba Ami Lali hufika hapa na daftari, nami hufika na malalamiko. Leo mambo yamegeuka: daftari ninalo mimi, limeandikwa mambo matatu ambayo yeyote anayetaka kurusha taarabu au ngoma za asili moja kwa moja katika redio ya umma anapaswa kuyajua, na mwenye malalamiko ni yeye.

LALI: Waalaikum salaam. Malalamiko yangu ni mafupi, mwanangu. Alhamisi usiku nilikuwa nimeketi nyumbani kwangu Langoni, hapa Lamu, redio nimeiweka dirishani, nikisikiliza taarabu mliyokuwa mkiirusha kutoka Mkomani. Mpiga udi ametulia, mwimbaji ameingia ubeti wa pili, mara nikasikia mafuta yanachemka. Niliinuka nikaenda jikoni, nikidhani mke wangu ameacha karai motoni, nikakuta jiko limezimwa na mwenyewe amelala. Nilirudi nikaketi, na mafuta yakaendelea kuchemka. Naomba kuuliza mbele ya wasikilizaji wote: nani alikuwa anakaanga?

SOMOE: Si wewe peke yako uliyeuliza. Wimbo haujaisha, simu zilikwisha kupigwa kituoni, na mama mmoja alitaka kujua kama tunauza bajia hizo au ni za wasanii tu. Ngoja nianze mwanzo. Niliombwa nisaidie upande wa maikrofoni, na tulikuwa tumepanga maikrofoni mbili, moja ya mwimbaji na moja ya ala. Waya wa ile ya pili ukakatika nusu saa kabla ya kuingia hewani, na duka la kununua mwingine limefungwa, kwa hiyo tukabaki na maikrofoni moja, katikati ya kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya zamani yenye kuta za mawe na chokaa zinazorudisha kila sauti unayoitoa.

LALI: Maikrofoni moja siyo msiba. Hivyo ndivyo redio ilivyopeleka muziki wa aina hii hewani kwa miaka mingi. Kule Marekani, katika vipindi vya muziki wa wakulima na watu wa milimani, kundi zima lilizunguka maikrofoni moja. Mwenye ala ya sauti kubwa alisimama mbali, mwenye ala laini alisogea karibu, na anayefikiwa na zamu yake alipiga hatua mbele, akimaliza akarudi nyuma ili mwenzake apite.

SOMOE: Ndivyo tulivyofanya. Mwimbaji tulimweka shibiri mbili kutoka kwenye maikrofoni, mpiga udi kando yake ameketi kwenye kiti kifupi ili sauti ya chombo ipande, mpiga fidla hatua mbili nyuma, na ile ngoma ya dumbaki tuliipeleka mlangoni kabisa, tukamtandikia mpigaji mikeka miwili ili ule mwangwi wa kuta upungue. Tulipofanya majaribio, fundi mitambo aliyevaa spika za masikioni aliniinulia kidole gumba. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa hatukuwakumbuka wanaotuza.

LALI: Ala! Kumbe ni tuzo?

SOMOE: Ni tuzo, Ami. Mwimbaji alipofika kwenye mshororo wenye kijembe, mama mmoja aliinuka, akaja akiyumba taratibu kama inavyostahili, ana noti mkononi, akamzungushia mwimbaji kichwani, kisha akazishusha mbele ya kifua chake, na mbele ya kifua chake ndipo palipokuwa na maikrofoni. Wa pili akafuata. Wa tatu alizisugua noti moja moja juu ya kichwa cha maikrofoni, kama anayekunia nazi. Nilikuwa nimekaa pale chini nimeshika mguu wa kile kisimamio, na nilimwona fundi mitambo akishika masikio yake yote mawili.

LALI: Basi zile hazikuwa bajia. Bajia hulia kwa mkupuo zinapotumbukizwa, kisha hutulia. Nilichokisikia kilikuwa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Hivyo hulia viazi vya karai, kwa sababu mpishi huvigeuza.

SOMOE: Mama aliyepiga simu alisema bajia.

LALI: Mama yule hajakaanga viazi. Mahamri nayo tuyaondoe kabisa, kwani mahamri hayana kelele. Hamri hufura kimya kimya.

SOMOE: Tuyaondoe. Lakini niliyaona haya kwa macho yangu: noti kongwe ya hamsini, iliyokwisha kulainika kwa mikono ya watu, haikusikika kabisa. Iliyolia ni noti mpya ya mia mbili, na zaidi ya hapo ile ya elfu iliyotoka benki siku hiyohiyo. Msikilizaji mwenye sikio zuri angeweza kuketi Shela au Matondoni akahesabu nani ametoa nini.

LALI: Subhanallah. Basi redio imekuwa daftari la harusi.

SOMOE: Na kulikuwa na kijana aliyemtumia mwimbaji pesa kwa simu, akaja mbele akimwonyesha ujumbe kwenye kioo. Huyo hakusikika hata kidogo.

LALI: Huyo ndiye mstaarabu pekee wa usiku ule. Na hapa ndipo ninapotaka tusimame, Somoe, kabla hujafungua daftari. Kwa maoni yangu, kituo kilipaswa kusogeza tuzo mbali na maikrofoni, au kutangaza mapema kwamba tuzo zitatolewa wimbo ukiisha. Taarabu ni maneno. Mshairi ameficha fumbo lake ndani ya neno moja, na neno hilo likifunikwa, wimbo mzima umepotea. Katika ule ubeti wa pili mwimbaji alisema ama "tunda" ama "tundu", na mpaka leo sijui ni lipi. Akisema tunda, anamsifu mtu; akisema tundu, ndege amekwisha kunaswa, na mwenye kuambiwa anajijua. Silabi ile ya mwisho ndiyo iliyokaangwa.

SOMOE: Ungetazama vina.

LALI: Neno halikuwa mahali pa kina, lilikuwa ndani ya kipande. Wewe uliyekuwa hapo, alisema nini?

SOMOE: Sikusikia. Nilikuwa natazama noti.

LALI: Basi.

SOMOE: Basi nini, Ami? Hiyo ndiyo hoja yangu. Mimi niliyeketi shibiri mbili kutoka kinywani mwake sikulisikia, kwa sababu usiku ule ndivyo ulivyokuwa. Redio iliyokuletea usiku ule kama ulivyo haikukuonea. Mwanamke anapoinuka kutuza kwenye mshororo fulani, anasema mbele ya watu kwamba mshororo huo ni wake na kuna mtu humu ndani unayemhusu. Mwimbaji naye, akishatuzwa, huurudia. Ukiondoa sauti ya tuzo, msikilizaji wa Langoni atasikia mshororo mmoja ukirudiwa mara nne na atadhani mwimbaji amesahau unaofuata.

LALI: Afadhali adhani hivyo kuliko kukimbilia jikoni.

SOMOE: Nazungumza kwa dhati. Kama unataka wimbo msafi, kuna santuri. Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulikuwa na nafasi ya kama dakika tatu tu. Hapo hapakuwa na wa kuinuka wala wa kutuza, na nyimbo zilipimwa ziingie. Redio inayorusha moja kwa moja ndicho chombo kilichokuja kuwarudisha watu waliokatwa. Tukiwakata tena, kwa nini tusipige santuri tukalala mapema?

LALI: Umesema vizuri, lakini hukunigeuza. Hii ni redio ya umma, na umma wenyewe umeketi majumbani gizani, hauoni mama akiyumba, hauoni noti ya elfu. Wenye macho mle kiwandani walikuwa labda hamsini. Waliobaki tulikuwa na masikio tu. Nilipokuwa mdogo, Sauti ya Kenya ilipokuwa bado haijaitwa KBC, jina lililokuja mwaka 1989, jirani yetu mwenye redio aliiweka barazani, na wazee walinyamaza kimya nyimbo za Mombasa zilipoanza, anayekohoa anaondoka. Sauti ya Mvita, redio ya Mombasa, ilikuwa imekwisha kuwazoeza watu wa pwani kwamba redio inaweza kusema Kiswahili chao na kuimba nyimbo zao. Udi wa marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu huyu, ungeusikiliza uone kidole kinavyoteleza juu ya uzi. Sasa mweke pale, umletee akina mama watatu wenye noti mpya.

SOMOE: Zein aliyapigia maharusi maisha yake yote, Ami. Alituzwa kuliko wewe na mimi tulivyowahi kusalimiwa.

LALI: Harusini, ndiyo. Nakuletea mfano wa redio. Mwaka 2008, watu wawili wa redio ya umma ya Marekani, NPR, walikwenda Austin, huko Texas, kumsikiliza mwimbaji Laura Gibson, mwenye sauti ya chini na gitaa. Walikuwa kwenye baa, na kelele za watu zilimmeza wasimsikie. Mmoja akafanya mzaha kwamba heri mwimbaji angekuja kuimba kwenye meza ya mwenzake ofisini. Akaenda kweli, Washington, akaimba penye makabati na karatasi, na hapo ndipo yalipozaliwa maonyesho ya Tiny Desk. Jambo kubwa kama hilo chanzo chake ni mtu mmoja kusema: sisikii maneno kwa ajili ya watu.

SOMOE: Na walipompeleka ofisini, walimwimbisha peke yake? Hawakuwaita wafanyakazi wote wa jengo wasimame wasikilize na kupiga makofi? Walibadilisha watu, Ami, hawakuwaondoa. Tena kipindi cha Grand Ole Opry cha Nashville, kilichoanza mwaka 1925 na mzee mpiga fidla katika studio, watu walikuja kuchungulia mpaka studio ikawa haiwatoshi, ikabidi kutafutwa kumbi, na makofi yao yakaenda hewani na mpaka leo yanakwenda.

LALI: Kituo kinachokirusha kipindi kile ni cha biashara, kilianzishwa na kampuni ya bima. Ukitaka cha umma, kamata kipindi cha Mountain Stage cha West Virginia, kilichoanza mwaka 1983. Nao wana watu ukumbini, nakubali, lakini watu wale wanapiga makofi wimbo ukiisha. Hakuna anayepanda jukwaani na kukunia noti kwenye maikrofoni.

SOMOE: Kwa sababu desturi yao ni makofi, na yetu ni noti. Ungewaambia wale wasipige makofi?

LALI: Makofi hayafuniki silabi.

SOMOE: Wimbo wetu haungoji uishe ndipo upendwe.

LALI: Hapo mimi na wewe tutakesha, na mimi sitoki hapa.

SOMOE: Nami sitoki.

LALI: Tuendelee basi. Daftari linasemaje?

SOMOE: La kwanza ni namna ya kupanga ala, na nusu yake tumekwisha kuisema, iliyobaki ni ya goma, ile ngoma yetu ya asili, kwamba mpiga zumari asiwekwe mbele hata kama yeye ndiye anayetazamwa, bali arudishwe hatua kumi nyuma ya ngoma zote, kwa sababu zumari hutoboa, na mpigaji anavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, kwa hiyo hatakupa hata nukta ya kupunguza sauti. La pili ni malipo ya msanii redio inaporudia kipindi, na hilo peke yake lina kurasa nne. La tatu ni kuhifadhi zile rekodi baada ya... Ami, hiyo si sauti ya mwenye chumba?

LALI: Ndiye, anataka ufunguo wake. Na Maghribi imekaribia; msikiti huo ukianza kuadhini, hatutasikilizana humu ndani.

SOMOE: Kurasa nne zangu!

LALI: Zitunze, hazitaoza. Lakini kabla hujazima, una noti?

SOMOE: Nina hamsini hii kongwe, na mia mbili niliyorudishiwa chenji leo asubuhi, haijakunjwa hata mara moja.

LALI: Zisugue hapo kwenye maikrofoni, kwanza ile, kisha hii. Taratibu.

(Sauti ya noti ya kwanza. Kimya. Sauti ya noti ya pili.)

LALI: Ya kwanza ni kiazi kilichopoa. Hiyo ya pili, wallahi, ndiyo iliyonipeleka jikoni.

SOMOE: Mimi bado naisikia bajia.