Chaneli za kutazama YouTube, na namna ya kuzitazama

Habari zenu, ndugu zangu mnaonifuatilia huko nyumbani. Leo tuzungumzie chaneli zinazofundisha na kuburudisha.

Tuanze na hisabati. 3Blue1Brown ya Grant Sanderson inachora kila kitu kikiwa kwenye mwendo, hadi unaona kwa macho matriksi (jedwali la namba) ikivuta na kuzungusha bapa zima la namba. Mfululizo wake wa aljebra ya mstari (linear algebra) wa mwaka 2016 uangalie kuanzia video ya kwanza, usidake ya katikati, maana kila moja inaegemea iliyotangulia. Ila kuna mtego: ukimaliza utajiona umeelewa, kisha swali la mtihani likushinde, kwa sababu hukushika kalamu. Hapo nenda Khan Academy. Mwalimu anaandika hatua moja moja kwenye ubao mweusi. Swali likishasomwa simamisha video, lifanye kwenye daftari, halafu endelea ulinganishe. Mazoezi yenyewe yako kwenye tovuti yao, na ni bure. Ukitaka darasa zima la chuo, MIT OpenCourseWare wameweka mihadhara ya Gilbert Strang, kozi namba 18.06.

Kwa fizikia napendekeza Veritasium. Mwanzilishi wake, Derek Muller, alifanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu video za fizikia, akaona kwamba maelezo manyoofu humfanya mwanafunzi ajiamini huku akibaki na dhana potofu ileile aliyokuja nayo. Ndiyo maana kwenye video nyingi anawauliza watu kwanza, wakosee, ndipo aeleze. Na wewe toa jibu lako kabla hajasema lake, vinginevyo unapoteza faida yote.

Jirani yake ni SmarterEveryDay. Tafuta video ya 2015 ya baiskeli ambayo ukikata usukani kushoto gurudumu linakwenda kulia. Destin Sandlin, mwenye chaneli hiyo, alihitaji miezi minane kuizoea. Mwanawe mdogo alihitaji kama wiki mbili.

Primitive Technology ya John Plant, anayejenga vibanda na kutengeneza zana porini kwa mikono mitupu, wengi wanaitazama vibaya. Hasemi neno, kwa hiyo wanadhani ni ya kutuliza akili tu. Washa manukuu! Humo ndimo anamoeleza udongo gani na moto kiasi gani. Jihadharini na chaneli za kuiga: bwawa kubwa likionekana limechimbwa kwa kijiti bila kifusi popote, ujue kuna mashine nje ya kamera.

Watoto wawekeeni Ubongo Kids na Akili and Me, zipo kwa Kiswahili.

Sasa bando. Gusa alama ya gia, kisha Ubora. Video ya mtu anayeongea tu inatosha 144p, lakini ya hesabu isishuke chini ya 360p, kwani vipeo na alama za kutoa vitafifia na utanakili kitu kingine. Mzungumzaji akienda mbio, shusha kasi hadi 0.75. Tafsiri ya kiotomatiki ya Kiswahili inasaidia kwenye simulizi, ila huvuruga istilahi; kwa hesabu bakia na manukuu ya Kiingereza, hasa yaliyoandikwa na chaneli yenyewe.

Na mzime kucheza kiotomatiki. Video inayofuata huchaguliwa ili uendelee kukaa hapo, wala si lazima iwe somo linalofuata. Ingia kwenye ukurasa wa chaneli, fungua orodha zao, fuata namba.