Jinsi ya kufuatilia ukoo wa Wahugenoti kutoka Cape hadi kijiji chao Ufaransa

Haya wadau karibuni, leo tunafuatilia ukoo wa Wahugenoti, yaani wale Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia nchi baada ya mfalme Louis wa 14 kufuta Amri ya Nantes, ile sheria iliyowaruhusu kuabudu, mwaka 1685, na kati yao kama watu 200 hivi wakapanda meli za VOC, ile kampuni ya Waholanzi, wakashuka Cape, kule kusini kabisa mwa Afrika, kuanzia 1688. Ndo maana hadi leo Afrika Kusini kumejaa akina de Villiers, du Toit, Joubert, Malan, Marais. Na sio Wazungu tu wenye hayo majina, tutafika huko.

Mfano wetu ni mtu anayejulikana kwenye historia, Piet Retief, kiongozi wa Makaburu aliyezaliwa 1780 akauawa kwa amri ya Dingane, mfalme wa Wazulu, mwaka 1838.

Hatua ya kwanza, na hapa nawaomba sana, usianzie 1688! Watu wengi wanaokota Mhugenoti mwenye jina kama lao afu wanashuka naye kwa nguvu mpaka wamfikishe kwa babu, huo sio utafiti. Anza na marehemu wa karibuni unayemjua, panda kizazi kimoja kimoja. Fungua akaunti kwenye tovuti ya FamilySearch, ni bure kabisa, tafuta majalada ya mirathi ya Afrika Kusini. Ndani ya jalada kuna fomu ya taarifa ya kifo, zilianza 1834, na hiyo fomu ni dhahabu jamani, ina jina la marehemu, alikozaliwa, wazazi wake, mwenzi wake na watoto wote. Ila aliyeijaza ni mfiwa, pengine mkwe tu, kwa hiyo jina la bibi linaweza kuwa limekosewa, usiliamini mpaka ulione sehemu nyingine.

Kama picha ya jalada haipo mtandaoni ingia kwenye faharasa ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Afrika Kusini, inaitwa NAAIRS. Pale utachagua herufi tatu za jimbo, KAB ni Cape, TAB ni Transvaal, VAB ni Free State, NAB ni Natal. Andika jina, chukua namba ya jalada, ndo utakayotumia kuomba nakala.

Hatua ya pili, vitabu vya ubatizo vya Dutch Reformed, kanisa la Kiprotestanti la Waholanzi. Hapa punguzeni spidi. Mstari mmoja una tarehe, mtoto, baba, mama, afu mwisho kuna wasimamizi wa ubatizo, na hapo kwa wasimamizi ndipo wengi wanaparuka wakati ndo penye majibu! Wasimamizi mara nyingi ni babu, bibi, shangazi, mjomba. Ukiwa na akina Pierre wawili wa umri mmoja kwenye bonde moja hujui yupi wako, angalia nani amesimamia watoto wa kila mmoja, utaona familia zinajitenga zenyewe. Na mama anaandikwa kwa jina la ukoo wake alikozaliwa, sio la mume. Kwa Piet Retief mama yake ni Debora Joubert, kwa hiyo papo hapo umepata ukoo wa pili wa Kihugenoti wa kufuatilia.

Angalia pia majina ya watoto. Desturi ilikuwa kijana wa kwanza anaitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, binti wa kwanza bibi mzaa mama. Hawakuifuata wote, ichukue kama dokezo tu.

Hatua ya tatu, tahajia. Waandishi walikuwa Waholanzi, na mwaka 1701 kampuni ikaagiza shule zifundishe Kiholanzi, Kifaransa kikafa haraka, majina yakaandikwa yalivyosikika. Rousseau akawa Rossouw, Cronier akawa Cronje, Villion akawa Viljoen, Mesnard akawa Minnaar, Retif akawa Retief. Kwa hiyo tafuta kwa sauti, andika kila namna unayoweza kufikiria.

Na ukikuta mtu kwenye mti wa ukoo ameandikwa b3c1d5 usishtuke, a ni mwanzilishi wa ukoo, b3 ni mtoto wake wa tatu, c1 ni mtoto wa kwanza wa huyo, unaendelea hivo hivo.

Sasa lile nililoahidi. Wahugenoti walimiliki watumwa, hilo tusilifiche. Ukikuta mama ameandikwa van de Caap, van Madagascar au van Mozambique, yaani wa kutoka huko, mara nyingi ni mtumwa au aliyewahi kuwa mtumwa, usimruke eti hana ukoo. Huyo ni bibi yenu sawa na yule wa Ufaransa, anastahili kutafutwa kwa bidii ile ile. Nenda kwenye rejesta za watumwa, zilianza 1816, na kwenye majalada ya mirathi ya waliowamiliki, maana watumwa waliorodheshwa humo pamoja na mali. Familia nyingi za Coloured, yaani machotara, za Cape zinaanzia hapo hapo.

Na kama ukoo unapotea ghafla Afrika Kusini karibu na 1908, waangalie Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka huo, walipita Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, afu mikokoteni ya ng'ombe.

Hatua ya mwisho, kuvuka bahari. Pitia kwanza Uholanzi, kuna kadi za makanisa ya Walloon, waliyosali wakimbizi wa Kifaransa, nazo zimepigwa picha zipo mtandaoni. Afu ingia hifadhi ya nyaraka ya mkoa husika Ufaransa. François Retif, mwanzilishi wa ukoo wa Retief, alitoka Mer karibu na Blois, kwa hiyo ni Loir-et-Cher. Pierre Joubert, wa ule ukoo wa mama, alitoka La Motte-d'Aigues, huyo ni Vaucluse. Vitabu vingi vinasomwa bure. Tafuta vya Waprotestanti vya kabla ya 1685, na ukivikosa fungua vya Kikatoliki vya miaka iliyofuata, kwa sababu wengi walilazimishwa kuingia Ukatoliki kabla hawajatoroka na majina yao yamebaki humo, ndugu zao waliobaki nao wamo.