Cherehani Kwenye Kenchi

Asanteni. Mwenyekiti ameshaangalia saa, kwa hiyo salamu nazikata.

Mlionisikia mwaka jana mnivumilie, narudi kwa yule fundi wangu wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Onyo la mafuriko alilipata mapema: redioni alilisikia, mjumbe naye alimgongea. Hakutoka. Alibaki na mwanawe wanapandisha cherehani kwenye kenchi na kuifunga kamba, maji yako magotini. Cherehani ikapona. Vitambaa vya wateja vikaondoka na tope, na mteja ni mteja, anataka nguo yake. Akalipa. Ili alipe, akakopa kausha damu, ule mkopo wa riba ya kunyonya. Ili arejeshe, akauza ileile cherehani aliyotaka kufa nayo. Mnacheka? Leo anashona kwa mashine ya mwenzake, anagawana naye ujira. Kwenye taarifa ya maafa yeye hayumo, maana hakufa.

Sasa kuna mtu pale nyuma ana swali lake: kwa nini hawahami? Nimelijibu mpaka limenichosha. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wakapewa viwanja, na wapo waliorudi bondeni. Wajinga? Jangwani hadi Kariakoo unatembea. Kutoka Mabwepande, mpigie hesabu ya nauli muuza vitumbua, kwenda na kurudi. Nauli ni kila siku. Mafuriko, hata bahati ikiwa mbaya, ni masika na vuli.

Mfano wa Bangladesh nitaukimbiza. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Sidr, mwaka 2007, kiliua zaidi ya 3,000. Bado ni wengi, lakini tazameni sifuri zilizopungua. Wana watu wa kujitolea wenye vipaza sauti, wana majengo ya kukimbilia, hayo mnayajua. Mimi napenda vile vilima vya udongo walivyoinua kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe, jamani! Mwenye ng'ombe mmoja hamwachi akakimbia peke yake.

Nilikuwa na la TASAF pia, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwamba ruzuku ifike kabla ya mvua na si baada ya picha za televisheni... haya, mwenyekiti kasimama. Basi naomba chumba kimoja tu kila mtaa wa bondeni, mahali pa juu, kinachofungika. Na daftari: cherehani ya fulani, mzani wa fulani, jiko la mandazi la fulani, sahihi. Ufunguo akae nao mjumbe. Naketi, mwenyekiti, naketi.