Bosi yupo, ila kwenye makaratasi umejiajiri

FAROUK: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi Farouk, na dada yangu Neema yuko hapa na mafaili yake. Dada, leo tumzungumzie mhamiaji aliyesainishwa mkataba kwamba amejiajiri, huku kazi anapangiwa na wengine.

NEEMA: Anapangiwa bei, anapangiwa njia, na akikataakataa oda simu inanyamaza. Halafu mkataba unamwita mkandarasi huru. Mwenyeji akisaini mkataba huo anakosa likizo ya malipo. Mgeni anaweza kukosa na viza.

FAROUK: Hapo kwenye viza tufafanulie.

NEEMA: Chukua Uingereza. Mwanafunzi wa kigeni wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Viza hiyohiyo inamkataza kujiajiri. Akiajiriwa kupanga bidhaa kwenye rafu saa zote 20, hana kosa. Akipeleka chakula kwa baiskeli saa moja, kwa mkataba wa ukandarasi, amevunja masharti.

FAROUK: Saa moja tu!

NEEMA: Hapo hawahesabu saa. Na wengi hawajui, maana mtu anabonyeza "nakubali" mara kadhaa kwenye simu, kesho yake yuko barabarani.

FAROUK: Lakini si mahakama zilishasema hawa ni wafanyakazi? Kesi ya Uber ile.

NEEMA: Ndiyo, Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza. Ilisema madereva wale wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, hata mkataba useme nini. Shirika la Kazi Duniani lilishalisema hilo mwaka 2006, Pendekezo namba 198: tazama kwanza kazi inavyofanyika, nani anatoa maagizo, vifaa ni vya nani. Hispania nayo mwaka 2021 ikatunga sheria inayoanza kwa kumhesabu mpeleka oda kuwa mwajiriwa. Kampuni ikibisha, ithibitishe yenyewe.

FAROUK: Basi mambo yamenyooka.

NEEMA: Wapi! Novemba 2023 mahakama ileile ya Uingereza iliamua kesi ya wapeleka oda wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka chakula, waliotaka chama kijadiliane kwa niaba yao. Ikasema hawa hawana uhusiano wa ajira. Sababu kubwa ni kwamba mkataba unamruhusu mtu kumtuma mwingine afanye kazi badala yake.

FAROUK: Kumbe! Na akaunti za kukodi zinapitia mlango huohuo.

NEEMA: Huohuo. Mwenye kibali anafungua akaunti, asiye nacho anaikodi. Pesa inaingia benki kwa mwenye akaunti, anakata chake, kinachobaki anamtumia mwenzake siku akijisikia. Programu ikidai picha ya uso, wanakutana mahali, mwenye akaunti anajipiga picha, simu inarudi kwa mwenye baiskeli. Huyu akigongwa na gari, jina lake halimo kwenye mfumo wowote.

FAROUK: Na akidhulumiwa, akashtaki?

NEEMA: Kule Uingereza atakuwa amejishtaki. Tangu Sheria ya Uhamiaji ya 2016, kufanya kazi bila ruhusa ni kosa la jinai, hata kama umejiajiri, na ulichopata kinaweza kutaifishwa. Sasa linganisha na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa wafanyakazi wahamiaji wa mwaka 1990. Ibara ya 25 inasema mwajiri haachiwi wajibu wake eti kwa sababu mfanyakazi hana vibali. Inasomeka vizuri sana. Nchi tajiri zinazopokea wahamiaji wengi hazijauridhia.

FAROUK: Dada, ngoja nikubishie kidogo. Tunaongea kana kwamba kujiajiri ni balaa. Wapo walioponea hukohuko.

NEEMA: Hilo sibishi. Kibali kikifungwa kwa mwajiri mmoja, ukiacha kazi unaweza kulazimika kuiacha na nchi. Anayeruhusiwa kushona au kunyoa kwa jina lake ana pa kukimbilia. Hata Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliyatenganisha mambo hayo mawili: ibara ya 17 ajira ya mshahara, ya 18 kujiajiri kwenye kilimo, viwanda, kazi za mikono na biashara. Hata hivyo ibara ya 18 haimlinganishi mkimbizi na raia, inataka tu asiwekwe chini ya wageni wengine.

FAROUK: Kwa hiyo ugomvi wako ni na wanaojificha nyuma ya jina hilo.

NEEMA: Na hao tu. Fundi anayepanga bei na kuchagua wateja wake amejiajiri, nampongeza. Anayepangiwa vyote hivyo ana bosi.

FAROUK: Sasa mtu ana mkataba mkononi usiku huu. Afanyeje?

NEEMA: Asome kibali chake kabla ya mkataba, atafute sharti la kujiajiri. Akishaanza kazi, atunze picha za skrini: oda, saa, malipo, ujumbe wa kuonywa. Huo ndio ushahidi mahakama inaoutaka. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuingiza kwenye sheria zao maelekezo mapya ya kazi za majukwaa, yaani kazi zinazopangwa na programu za simu kama hizi, na kumbukumbu hizo zitafaa.

FAROUK: Na aliyekodi akaunti?

NEEMA: Aende kwa chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa msaada kabla ya kukanyaga ofisi yoyote ya serikali. Swali la kwanza, kabla hajataja hata jina: taarifa zangu zinaishia hapa, au zinafika uhamiaji?