Mlinzi Anayedai Karatasi Iliyo Ndani

Bandugu, karibuni. Walionisikia mara nyingine wanajua nitaanza na mlinzi, basi wasinicheke. Leo ni programu za wavuti za Java zinazomzungusha mtu kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Kijana mmoja hapa Lubumbashi alinijia usiku na ordinateri yake. Ametengeneza programu ya Java ili wazazi waone pointi za watoto. Ukiandika anwani, kivinjari kinalalamika kwamba ukurasa umekuelekeza mara nyingi mno. Alikuwa amefuta kuki, amebadilisha Tomcat, seva inayoendesha programu yake, na alitaka kusakinisha Java upya. Maskini! Nikamuuliza, umeangalia kivinjari kinaambiwa nini? Kimya.

Tukabonyeza F12, tukafungua Réseau, pale panapoonyesha kila ombi la kivinjari na jibu la seva. Mstari wa kwanza: 302, yaani “nenda kwingine,” Location: /shule/login.jsp, ukurasa wa kuingia. Wa pili: 302, /shule/login.jsp. Wa tatu vilevile, mpaka chini, kama foleni ya mabidoni kwenye robine. Filta yake, ndiye mlinzi anayekagua maombi kabla hayajafika kwenye ukurasa, aliifunga kwa /*, yaani inalinda kila kitu, hata login.jsp yenyewe. Mgeni anafika: una sesheni, yaani seva inakukumbuka kwamba umeshaingia? Sina. Nenda login.jsp. Anakwenda, anamkuta mlinzi yuleyule: una sesheni? Mnazijua ofisi ambazo mlinzi wa getini anadai karatasi yenye muhuri, na muhuri uko ndani. Ndiyo hiyo.

Dawa ni filta kuipitisha login.jsp, servleti (msimbo wa Java upande wa seva) inayopokea nenosiri, na CSS (mapambo ya ukurasa) pamoja na picha. Ukiisahau CSS, ukurasa wa kuingia utatoka uchi: kivinjari kimeomba rangi, kimepewa HTML ya login.

Najua kuna atakayesema, “Papa, mimi natumia Spring Security, ulinzi uliotengenezwa tayari, hayo hayanihusu.” Yanakuhusu! Tengeneza ukurasa wako wa kuingia, usahau permitAll, ile ruhusa ya kila mtu kuufungua, halafu uje uniambie.

Sasa forward na sendRedirect, njia mbili za kumpeleka mtu kwenye ukurasa mwingine. Forward, karani anachukua dosie yako na kuipeleka chumba cha pili. Wewe umekaa kwenye benchi, ndiyo maana anwani haibadiliki. SendRedirect, anakwambia “nenda dirisha la pili,” unakwenda kwa miguu yako, na ulichobandika kwenye ombi kwa request.setAttribute kinabaki nyuma. Mnaniuliza kila siku kwa nini ujumbe wa “nenosiri si sahihi” unapotea. Umebaki dirisha la kwanza! Akikosea nenosiri, tumia forward. Akifaulu, sendRedirect, la sivyo akibonyeza F5 kupakia ukurasa upya, kivinjari kitataka kutuma fomu tena.

Mengine mbiombio, naona wananionyesha saa. sendRedirect("/karibu.jsp") wakati programu iko chini ya /shule inakutoa nje ya programu, unakutana na 404, ukurasa haupatikani. Weka request.getContextPath(), inayotoa hiyo /shule, mbele. Na baada ya sendRedirect andika return, jamani. Servleti haisimami yenyewe. Ikiendelea mpaka forward, utapewa kosa la IllegalStateException na utalaumu umeme. Mtu akiingia vizuri halafu akarudishwa login, tazameni kama JSESSIONID, kuki inayobeba namba ya sesheni, inarudi kwa seva: kuki yenye alama ya Secure haitumwi kwa http ya kawaida.

JSF, mfumo mwingine wa kurasa za Java, nilitaka kuigusa, ile faces-redirect=true, kwa sababu bila hiyo anwani inabaki nyuma hatua moja. Muda umekwisha. Wewe mwenye shati la bluu, yako inakwama wapi? Hapana, usifungue web.xml, faili la mipangilio. F12 kwanza.